Kaka yangu kavunjika uti wa mgongo, mwaka na miezi miwili sasa kila mtu anasema "hajakubali". Kukubali ndio nini hasa?

#1 Mdogo wa Muheza
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana nimechoka kusikia neno moja.

Kaka yangu ana miaka 34, alikuwa utingo kwenye fuso la machungwa, Muheza kwenda Dar. Gari iliacha njia usiku yeye akiwa amelala juu ya mzigo, ikamrusha. Kavunjika pingili ya T8, yaani ya nane ya mgongo usawa wa kifua, madaktari wakasema chini ya hapo mawasiliano hakuna kabisa, kuanzia chini ya kifua hasikii hata sindano. Kafanyiwa operesheni, kawekewa vyuma, kakaa wodini wiki tisa, akarudi nyumbani kwa mama. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Wageni wakija anacheka, anapiga stori, anaulizia matokeo ya Coastal Union, mtu anaondoka anasema huyu jamaa ana moyo. Wakishatoka anageukia ukutani. Tangu arudi hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele hata siku moja. Kiti cha magurudumu kipo, tulichangishana ukoo mzima, kimefunikwa shuka. Banda la mpira liko nyumba ya nne kutoka kwetu na zamani yeye ndio alikuwa anafungua.

Mama anasema hajakubali. Shemeji anasema hajakubali. Sheikh wetu kasema aridhike na kadari. Na mimi juzi nikamwambia "kaka si ukubali tu maisha yaendelee", akanitazama akaniuliza, "Nikubali nini? Nitajie kimoja kimoja." Nikakosa jibu mpaka leo.

Mimi naona hili neno tunalitumia kumnyamazisha ili sisi tupumue. Waliopitia au mnaouguza, huko kukubali kulikujaje? Au hakupo?

#2 Kiroba cha Chumvi
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, mjomba wangu ni hivyo hivyo tangu adondoke kwenye mwembe.

#3 Mwalimu wa Nasaha
Pole mkuu. Nasomea ushauri nasaha mwaka wa pili. Kwa tulivyofundishwa mtu akipata pigo kubwa anapita hatua tano, anakataa, anakasirika, anabembelezana na Mungu, anaingia huzuni, halafu ndio anakubali. Kaka yako kwa maelezo haya yuko ya nne. Mpeni muda msimsukume, ya tano itafika yenyewe.

#4 Dereva wa Kiti
@Mwalimu wa Nasaha naheshimu shule lakini hapo hapana. Mimi nilivunjika T12 mwaka 2013 na hizo ngazi zako sijawahi kuzipanda kwa mpangilio. Asubuhi niko sawa natafuta riziki, saa nane mtu ananiuliza "kwani ulizaliwa hivyo?" narudi kwenye hasira, jioni nacheka na wanangu. Mwaka wa tatu ndio nililia kuliko wa kwanza, siku nilipokuta mke wangu kagawa viatu vyangu vya mpira bila kuniambia. Viatu tu. Sasa hiyo ni hatua ya ngapi?

Mdogo wa Muheza, naomba nikuulize mambo matatu ambayo si ya kisomi. Kaka yako akijua kuna mgeni anakunywa maji kiasi gani? Mkojo anatoa kwa njia gani? Na haja kubwa anasaidiwa na nani? Nijibu halafu tuendelee.

#5 Neema Tele
Jamani msimkatishe tamaa kijana wa watu. Kukubali ni kukata tamaa ila limepewa jina zuri. Mungu aliyemuumba anaweza kumsimamisha, nimeona kwa macho yangu mtu aliyeingia kwenye maombi amebebwa akatoka anatembea. Anachohitaji ni imani, aache kugeukia ukuta ageukie mbingu.

#6 Mdogo wa Muheza
@Dereva wa Kiti umenishtua. Nimempigia shemeji kuuliza. Akisikia kuna mgeni hanywi kitu tangu alfajiri, hata chai anaikataa, na sisi tulidhani kakosa hamu ya kula. Ana mpira wa mkojo wa kukaa moja kwa moja, mfuko anaufunika na kanga ya mama. Haja kubwa haina ratiba, ikija imekuja, na anayemsafisha ni mama. Mama ana miaka 66.

#7 Dereva wa Kiti
Basi hapo umeshika kitu. Mwanaume wa miaka 34, mama yake mzazi anamfuta kama mtoto mchanga, na hajui saa ngapi itatokea. Wewe ungeenda banda la mpira? Umekaa katikati ya watu hamsini, harufu inaanza, na wewe ndio wa mwisho kujua kwa sababu husikii. Mimi hilo lilinipata kwenye arusi ya binamu yangu, watu walisogeza viti kimya kimya mmoja mmoja. Baada ya hapo sikutoka ndani miezi saba, na kila mtu nyumbani akasema hajakubali miguu. Miguu nilikuwa nimeshaisahau. Nilikuwa naogopa tumbo langu.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku
Dereva kasema kweli na mimi naongezea kwa upande wa wodi, nimekaa na hawa wagonjwa miaka tisa.

Utumbo unafundishika. Inachaguliwa saa moja kila siku au siku moja ndiyo moja sio, mara nyingi baada ya chai na kitafunwa, maana tumbo likipokea chakula utumbo unaamka wenyewe. Unasubiri kama dakika 20 hadi 30, anakaa kwenye kiti chenye tundu, glavu, mafuta, kidole kinachochea au kinatoa kabisa kutegemea ameumia wapi. Kwa aliyeumia T8 mikono mizima anaweza kujifanyia mwenyewe, sio lazima mama. Inachukua wiki kadhaa kuzoea lakini ikishika ajali zinapungua sana.

Mkojo vilevile. Wengi wenye mikono mizima wanafundishwa kutoa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6, anaingiza, anamwaga, anatoa, anaendelea na shughuli zake bila mfuko. Muulizeni daktari wake kama inamfaa. Na kunyima maji ni hatari, inaleta uchafu kwenye mkojo, mawe, na figo zinaumia polepole.

Halafu wakuu, ACHENI KUMKANDA NA MAJI YA MOTO. Hasikii. Nimepokea mtu ngozi imevuka mapaja yote mawili kwa sababu ndugu walikuwa wanamkanda kwa upendo kila jioni.

Swali langu moja kwako mtoa mada, usiku analala? Ana maumivu ya kuungua miguuni?

#9 Mdogo wa Muheza
Anasema miguu inawaka moto kama imetiwa kwenye makaa, hasa usiku. Tukadhani anatunga kwa sababu si amesema hasikii chochote? Kuna baba mdogo kamwambia kabisa kwamba anadeka.

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku
Hadeki. Ni waya za fahamu zilizoumia zinatuma kelele, na ubongo unazipokea kama moto. Panado haiwezi. Kuna dawa zake kama amitriptilini na gabapentini, daktari anaandika kwa kipimo na kufuatilia. Mtu asiyelala mwaka mzima, anaungua, halafu anaambiwa anadeka, mnamtafutia saikolojia gani kabla ya hilo?

#11 Kiroba cha Chumvi
Hapo kwa mjomba wangu ilikuwa kinyume. Wazee walisema katupiwa kitu, mti ule ulikuwa na wenyewe, akapelekwa kwa mganga akalazwa kwenye mkeka miezi minne. Kidonda cha makalio kikaanza kama sarafu, tukaja kumtoa kimefika ukubwa wa sahani ya chai na mfupa unaonekana. Hakuna aliyekuwa anamgeuza. Sasa hivi mjomba anaongea vizuri tu na kila mtu isipokuwa kaka yake aliyempeleka kule. Sijui hilo mnaliitaje, maana miguu haimsumbui tena, kinachomsumbua ni ile miezi minne.

#12 Kipaza254
Niko Nairobi, dada yangu ana injari ya T10. Mimi naona hapa mnaenda ndani ya mwili sana na ndani ya kichwa sana. Shida ni mlango. Dada yangu akiwa hospitali ya uti wa mgongo hapa Nairobi alikuwa mchangamfu, anacheza karata na wenzake, anajisukuma mwenyewe kila mahali kwa sababu sakafu ni tambarare na choo kiko pana. Akarudi kwetu nyumba iko ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Wiki moja akawa mtu mwingine. Akili yake ilibadilika kwa wiki moja kweli? Ni ngazi bana.

Mnakumbuka Zack Kimotho 2012? Jamaa alipigwa risasi na wezi wa gari 2004, akaamua kusukuma wheelchair yake kutoka Nairobi aelekee South Africa ili watu wachange hospitali ya mazoezi ya wenye uti uliovunjika ijengwe. Watu walilia kwa TV. Lakini si alikuwa anaonyesha hicho kitu, kwamba yeye yuko tayari kusonga, sisi ndio hatujamtengenezea pa kwenda?

Na matatu ndio usiseme, makanga akiona kiti anakuambia gari imejaa na viti sita viko wazi.

#13 Dereva wa Kiti
@Kipaza254 nusu naafiki nusu sikubali. Mimi nyumba yetu ilikuwa tambarare, baba alinimwagia zege mpaka barabarani, na bado nilijifungia miezi saba. Njia ilikuwepo.

#14 Bint Pangani
Assalaam aleikum. Nasoma tu siku zote ila leo naandika.

Mume wangu aliumia T4, alipiga mbizi kina kifupi, miaka sita iliyopita. Mnaongelea kinyesi, mnaongelea milango, hakuna anayetaja chumba cha kulala. Mwezi wa tano aliniita akaniambia nenda kwenu, mimi si mwanaume tena, nitakuandikia talaka kwa wema. Nilimwambia nitaondoka nikitaka mimi. Alininunia wiki mbili. Hospitali walitufundisha kumgeuza kila saa mbili, walitufundisha mpira, hakuna hata mmoja aliyetuambia neno kuhusu tendo la ndoa, na sisi tungeuliza vipi mbele ya mama mkwe.

Tulikuja kuambiwa na mwanamke mwingine mwenye mume kama wangu. Kwamba mwili kwa wengi unaitikia ukiguswa hata kama hasikii, kwamba zipo dawa, kwamba ngozi pale juu inaposikia inakuwa na hisia kuliko zamani, na kwamba kuna namna za kusaidiwa kupata mtoto. Tuna binti wa miaka miwili sasa. Siku alipojua nina mimba ndio siku aliyoomba asogezwe barazani. Sisemi kila mtu apate mtoto atapona. Nasema kwake yeye lililomlaza ni hilo, na lisingeonekana na mganga wala daktari kwa sababu halikutamkwa.

Jambo jingine kwa wenye walioumia juu, T6 kwenda juu. Akianza ghafla kichwa kinamgonga, jasho usoni, mwekundu, mkalisheni wima mara moja, mlegezeni nguo, angalieni mpira wa mkojo umejikunja wapi. Presha inapanda vibaya mno. Kwetu ilitokea kwenye maulidi, watu wakaanza kumsomea, kumbe alikuwa ameukalia mpira. Nikaunyoosha, ndani ya dakika chache akarudi.

#15 Kiroba cha Chumvi
@Bint Pangani dada umeandika mara moja ukamaliza kazi ya waganga wote wa uzi huu 😂 Usikae kimya tena.

#16 Nesi wa Zamu ya Usiku
Asante Bint Pangani, hiyo ya presha ni ya kweli na inaua. Ikigoma kushuka hospitali mbio.

#17 Mwalimu wa Nasaha
Nimesoma yote, najifunza. Lakini naomba niseme hivi, kuna utafiti maarufu wa Marekani ulionyesha kwamba waliopooza kwa ajali baada ya muda wanakuwa na furaha sawa na walioshinda bahati nasibu. Maana yake binadamu anarudi kwenye hali yake ya kawaida. Kwa hiyo muda bado ni dawa.

#18 Msoma Takwimu
@Mwalimu wa Nasaha hiyo inazungushwa sana na haiko hivyo. Ni utafiti wa Brickman na wenzake wawili, 1978, jimbo la Illinois. Walihoji washindi wa bahati nasibu 22, watu wa kawaida 22 na waliopooza kwa ajali 29. Kwenye kipimo cha 0 hadi 5 washindi walijipa 4.00, wa kawaida 3.82, waliopooza 2.96. Sio sawa. Walikuwa chini. Kilichowashangaza ni kwamba hawakuwa chini kama watu walivyotegemea, walikuwa juu ya katikati. Na waliumia muda si mrefu, haukuwafuata miaka kumi, kwa hiyo hauwezi kusema lolote kuhusu muda kuwa dawa.

Na hizo hatua tano za mwanzo ni za daktari Elisabeth Kübler-Ross, 1969, alizitoa kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Kaka wa mtoa mada hafi. Ana miaka 34 na anaweza kuishi miongo.

Kingine ambacho watu hawakitegemei, tafiti zikijumlishwa zinaonyesha karibu mmoja kati ya watano wenye uti ulioumia ndiye ana sonona yenyewe. Ni wengi kuliko mtaani, ila wengi zaidi hawana. Mwanasaikolojia Beatrice Wright aliandika mwaka 1960 kwamba jamii inamdai aliyeumia aomboleze, asipoomboleza wanasema anajidanganya. Na mimi naongeza, akiomboleza tunasema hajakubali. Naona mtoa mada aliliona hilo bila kumsoma.

#19 Mwalimu wa Nasaha
Asante kwa masahihisho mkuu, nilifundishwa vingine. Nitamuuliza mwalimu wangu kesho.

#20 Mzee wa Mererani
Vijana mnazunguka. Ni hela.

Mimi niliangukiwa na mwamba kwenye shimo la tanzanite, 2006. Mwezi wa kwanza walikuja watu arobaini, nyama, sukari, bahasha. Mwezi wa tatu wakaja wanne. Mwezi wa sita simu yangu ikawa inaita nikiwa nadaiwa tu. Nyumbani mke akawa ananunua unga, na anayenunua unga ndiye anayeamua. Mwanangu akawa anaomba ada kwa mama yake mimi nimekaa hapo hapo. Hakunidharau, alikuwa na akili, alijua sina. Hilo lilinikata kuliko jiwe.

Nikanunuliwa cherehani ya mkono na dada yangu. Nikaanza kushona viraka, sare za shule, mapazia. Siku niliyotoa shilingi elfu tatu mfukoni kwangu nikamwambia mtoto nenda kanunue mkate, nililala usingizi. Ile tu. Utingo analipwa kwa safari, ameanguka leo kesho hana kitu, na mnamwambia akubali. Akubali njaa?

#21 Neema Tele
Mzee nakuheshimu lakini wapo wenye hela na wamejifungia. Na wapo maskini wanaimba. Kuna kitu ndani ya roho ambacho cherehani haiwezi kushona.

#22 Mzee wa Mererani
Binti yangu, nami naomba Mungu kila siku. Lakini kanisani kwetu mhubiri alinisimamisha kwa nguvu mbele ya watu, wakanishika kwapani, nikaanguka, akasema imani yangu ndogo. Nilitoka pale na mifupa miwili imevunjika na aibu juu yake. Sikurudi mwaka mzima. Ombeni, ila msimfanye mtu aone kupooza ni kosa lake.

#23 Neema Tele
Hilo si sawa kabisa baba, pole. Hilo sitalitetea.

#24 Mzenji wa Luton
Niko Uingereza nafanya kazi ya kuhudumia watu majumbani, mmoja wa wateja wangu ana tetraplegia, yaani aliumia shingo, mikono na miguu imepooza. Nimejifunza historia moja hapa inayofanana na ya Mzee wa Mererani.

Zamani aliyevunjika uti alikuwa anasubiriwa kufa tu, vidonda na figo vilimmaliza. Mwaka 1944 hospitali ya Stoke Mandeville ilimpa wodi daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani 1939. Akaamuru wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, na alikuwa anakuja mwenyewe usiku kuhakikisha. Lakini hakuishia kwenye vidonda. Aliwalazimisha wafanye kazi, useremala, kutengeneza saa, kuchapa, halafu akawaingiza kwenye michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, yeye alipanga mashindano ya upinde na mshale, washiriki 16 wote kwenye viti. Ndio ikaja kuwa Paralimpiki, Roma 1960.

Yeye hakumngoja mtu akubali kwanza ndipo amtoe kitandani. Alimtoa kwanza.

#25 Dereva wa Kiti
Huyo daktari ningegombana naye siku ya kwanza na kumshukuru mwaka wa pili 😄

Ila nataka nirudi kwenye swali la mtoa mada, maana tumelizunguka. Mimi sijakubali. Nimezoea. Naona ni vitu viwili. Kuzoea ni kujua mto wa sponji uko wapi, kujinyanyua kwa mikono kila baada ya muda mfupi damu ipite, kuangalia makalio kwa kioo kila usiku, kujua kituo gani cha mafuta kina choo ninachoingia. Hayo nayafanya kama unavyofunga kamba za viatu. Lakini ukiniambia nikubali kwamba ni sawa, sio sawa, kila nikiota usingizini natembea, miaka yote hii, na nikiamka kuna sekunde moja ya kukumbuka. Ile sekunde haijaisha. Imekuwa fupi.

Kilichonitoa ndani baada ya ile miezi saba hakikuwa ushauri. Alikuja jamaa mmoja kwenye kiti, sikumjua, alitumwa na fundi viti. Alipofika kwetu hakusema pole. Aliangalia kiti changu akasema, "Hiki ni cha kusukumia wagonjwa wodini, nani kakupa? Kitakuvunja mabega." Akaniuliza natoa haja saa ngapi, mbele ya mke wangu, kama anavyouliza saa ya basi. Nikamjibu. Ndio mara ya kwanza nililitaja kwa sauti. Halafu akapanda bajaji yake mwenyewe akaondoka. Nilikaa nikaangalia vumbi lake.

Mdogo wa Muheza, kiti cha kaka yako kikoje? Magurudumu ya mbele madogo ya plastiki?

#26 Mdogo wa Muheza
Ndio, madogo, na kipana mpaka akikaa anaegemea upande mmoja. Mtaa wetu ni mchanga.

#27 Fundi Spoku
Mkuu hicho kwenye mchanga kinazama, hata mzima angekifunika shuka. Kwa mazingira ya kwetu bora cha magurudumu matatu, la mbele kubwa likae mbele mbali, hakipinduki ovyo na kinapita kwenye kokoto. Na lazima apimwe, upana wa nyonga, urefu wa paja, na mto wa kukalia usiwe godoro lililokatwa tu. Moshi kuna chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viti, ulizeni huko au kwa fundi viungo wa hospitali ya mkoa, watawaelekeza. Msinunue tena kwa kuangalia picha.

#28 Kiroba cha Chumvi
Wakuu hivi ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 bado ipo? Mbili si za walemavu?

#29 Msoma Takwimu
Ipo, ilisimama 2023 ikarudi 2024, mgao ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kuipata hiyo asilimia kwa vitendo ni uzi mwingine.

#30 Kipaza254
Fungua huo uzi mkuu, tuko na maneno.

#31 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kabla hatujahamia mikopo. Mtoa mada, hajawahi kusema anatamani asingeamka, au ni mzigo bora aondoke? Huyu anayecheka na wageni halafu anageukia ukuta namwogopa kuliko anayelia. Muulize wazi, kumuuliza hakumtii wazo. Akisema ndio, asiachwe peke yake, dawa zisikae karibu yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kama mngempeleka na homa kali.

#32 Mdogo wa Muheza
Wakuu samahani kwa ukimya, nilipanda basi nikaenda Muheza, nimekaa siku nne.

Nilimuuliza kama Nesi alivyosema. Alikaa kimya muda mrefu, akasema mwaka jana mwezi wa Ramadhani aliwaza, sasa hivi hapana, ila hataki mama aje afe akiwa anamsafisha. Tumeenda hospitali pamoja kwa gari la kukodi, kapewa dawa ya ule moto wa miguu na tarehe ya kurudi kufundishwa mpira wa kutoa mwenyewe. Fundi kakata tundu kwenye kiti cha mbao na mlango wa choo umepanuliwa. Ratiba ya haja bado, jana ilikubali leo ikakataa, kaapiza sana.

Kutoka nje hajatoka. Shemeji anasema Mzee wa Mererani ndiye kapatia, mama anasema ni yule mwenye kumtetea Mungu, mimi nilikuwa nashikilia ya Dereva, sasa sijui. Nilimpa simu asome uzi wote. Alisoma mpaka saa saba usiku. Alirudia ile ya Bint Pangani mara mbili halafu akanirudishia simu akaniambia nisimwambie shemeji.

Asubuhi kaniuliza kitu kimoja tu na kaniambia niandike kama alivyosema: "Muulize yule wa bajaji, breki ya mguu aliihamishia wapi?"

#33 Dereva wa Kiti
Mwambie kwenye bajaji yangu niliihamishia mkono wa kulia. Wengine wanaweka kushoto lakini kushoto kuna klachi na gia, utachanganyikiwa kwenye foleni. Kulia ukiachia mafuta ndio mkono uko huru kuvuta breki, na ndio unavyotaka, huwezi kubreki huku unavuta mafuta. Nilichomelewa mkono wa chuma wenye kishikio cha mpira umeungwa kwenye pedali ileile, hakuna cha ajabu, fundi yeyote wa kuchomelea makini anaweza akipimiwa. Yeye ni T8, misuli ya tumbo haitamshika kwenye kona kama yangu, kwa hiyo aweke mkanda mpana wa kifuani na egemeo liinuke mpaka chini ya mabega. Na miguu ifungwe isidondoke nje, mimi niliwahi kuburuza kiatu mpaka kidole kikaisha bila kujua.

Nitumie namba yake inbox. Au mpe yangu, apige akitaka.